Mpiga Pasi Kwenye Meza ya Snuka

Kila Jumamosi asubuhi Valentin aliipiga meza pasi. Wageni wa hoteli walicheka kumwona mtu mzima ameinamia kitambaa cha kijani kilichojaa chumba kizima. Lakini meza ya snuka isiponyooshwa mipira huenda mrama, na mtu aliyekuja kuichezea hakuwa wa kuchezewa. Valentin alikuwa dobi wa hoteli ile ya kando ya ziwa, pale Gisenyi, mpakani na Kongo. Mashuka, taulo, makoti ya wahudumu, na mwisho meza. Kwa miaka miwili alikigusa kitambaa kile kila pembe, wala siku moja hakuwahi kuupiga mpira.

Mwezi wa Septemba, mwaka 1999, ndipo ilipofika barua. Ililetwa na mama mmoja mchuuzi aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Goma na kurudi kila siku, naye alikuwa amepewa na padri. Sista mmoja wa misheni ya Walikale, ndani kabisa ya msitu wa Kongo, aliandika: tunaye msichana anaitwa Belyse, ana miaka kumi na miwili hivi, asema kwao ni Gisenyi karibu na ziwa, ana kovu gotini. Tutaondoka hapa kabla ya Noeli. Watoto hatujui tutamwachia nani.

Valentin aliisoma amesimama. Kisha akampa mkewe, Kankindi, naye akaisoma amekaa chini.

Belyse wao alikuwa na miaka tisa siku ile kambi ya wakimbizi ya Mugunga, upande wa Kongo, ilipovunjika, Novemba ya mwaka 1996. Asubuhi alikuwa ametoka na shangazi yake kutafuta kuni. Bunduki zilipoanza, watu wakagawanyika kama maji yaliyopiga jiwe. Wengine wakasukumwa kuelekea mpakani, wengine wakamezwa na msitu. Valentin na Kankindi walijikuta Gisenyi, miguu imevimba, mikono mitupu. Tangu hapo jina la mtoto walilipeleka kwenye kila parokia ambayo barua iliweza kufika.

Sasa jibu lilikuwa limekuja, na njia hakuna. Kwenye shirika la kutafuta watoto walimwandika daftarini, wakamwambia barabara ya Walikale imefungwa na vita, asubiri. Kitu kimoja tu kilikuwa kinakwenda huko na kurudi: ndege ndogo ya Rugwiro, tajiri aliyerudi kutoka Uganda, iliyoruka kutoka Goma kwenda kuchukua mawe ya madini. Na Rugwiro ndiye aliyekuwa akija kucheza snuka kila Jumamosi saa nane mchana.

Mara ya kwanza Valentin alimsubiri penye gari. Rugwiro akasema, "Andika barua." Akaandika barua tatu. Mara ya pili alimkabili kwenye ujia, naye Rugwiro hakusimama. "Nilikuambia uandike."

Siku hiyo Valentin alirudi kwenye chumba cha meza akakaa juu ya kikapu cha mashuka, akajifunika uso kwa taulo. Robinah alimkuta hivyo. Robinah ndiye aliyekuwa mtunza meza, mwanamke mrefu wa miaka hamsini, mzaliwa wa Kampala, ambako baba yake alitunza meza za klabu moja maisha yake yote. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo na wafanyakazi wenzake alisema Kiswahili.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huko nje watu mia wanamwomba yule. Ameziba masikio. Hapa mezani ndipo huongea na mtu. Yule Mgiriki aliyekuwa akicheza naye amehamia Bujumbura, na sasa anacheza peke yake kama mjane. Ila mtu asiyeweza kutia mipira mitatu mifukoni mwa meza mfululizo, hamtazami."

"Basi unifundishe," Valentin akasema.

"Mpaka lini?"

"Masista wanatoka mbele ya Noeli. Mi niko na mutoto kule, Robinah. Miaka tatu. Unifundishe tu."

Robinah alimtazama mikono, akaenda ukutani akamchagulia fimbo.

Walianza siku iliyofuata, saa sita, wageni wakiwa kwenye chakula. Mpira mweupe, ule wa kugonga mingine, aliupiga ukaruka nje ya meza. Wa pili ukagonga mbao. Robinah hakucheka. Alimzunguka kama fundi anayekagua nyumba yenye nyufa.

"Unaikaba fimbo kama pasi," alisema. "Pasi unaisukuma kwa bega. Hii si kazi ya bega. Ishike kama umeshika kifaranga, usikiue, usikiachie. Bega lilale. Kiwiko kikae palepale juu, mkono wa chini tu ndio uende na kurudi."

Akamwonyesha mguu wa nyuma ukae wapi, kidevu kiguse fimbo, vidole vya mkono wa kushoto vitanuke juu ya kitambaa vifanye daraja. Akamkataza kuinama kabla ya kuiona njia ya mpira akiwa wima. "Ukiinama hujui unakwenda wapi, utatafuta ukiwa chini, na ukitafuta ukiwa chini utayumba."

Halafu akampa chupa tupu ya bia. Alale nayo, alisema, aamke nayo. Ailaze mezani, aingize ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa na kuitoa, mara mia, bila kugusa kioo.

Nyumbani Valentin hakuwa na fimbo ya snuka. Alitwaa mpini wa jembe akauparura kwa kisu mpaka ukawa mwembamba. Jioni, kabla Kankindi hajatenga maharage, aliinama mezani akasukuma mpini ndani ya chupa. Kling. Tena. Kling. Kila mlio ulikuwa kosa, na jioni ya kwanza kulikuwa na milio tu.

Jioni ya nne Kankindi aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Mtoto wako yuko msituni," alisema, "na wewe unacheza."

"Sichezi."

"Watu wanapiga magoti. Watu wanalia mbele za wakubwa. Wewe unachezea chupa."

"Nimelia, Mama Belyse. Nimelia penye gari lake na nimelia kwenye barua. Hakuna aliyesikia." Akausukuma mpini tena, ukagonga kioo.

Kankindi akavuta kigoda, akakaa nyuma yake. "Kiwiko chako kinakwenda pembeni," alisema. "Ndiyo maana mpini unagonga." Tangu siku hiyo akawa anakaa pale kila jioni, akikishika kiwiko kwa vidole viwili.

Kufikia katikati ya Oktoba chupa ilikuwa kimya, lakini mipira bado haikuingia. Ilipita kando ya mfuko kwa upana wa kidole, na daima upande uleule. Valentin alipungua mwili. Aliunguza mashuka mawili kwa wiki moja, msimamizi akamwonya. Kuna mchana alipiga mpira mwekundu mmoja mara arubaini kutoka mahali pamoja, akaukosa mara thelathini na nane, akaitupa fimbo mezani.

"Mungu hataki," alisema.

"Mungu haingii kwenye chumba hiki," Robinah akajibu. "Nyosha kidole. Elekeza kwenye kitasa cha dirisha lile, macho yote wazi. Sasa funga jicho la kushoto."

Valentin akafunga. Kidole kikahama, kikawa kwenye ukuta.

"Fungua. Funga la kulia." Kidole kikarudi kwenye kitasa.

Robinah alijipiga paja. "Wiki zote hizi nakulaumu mkono, kumbe ni jicho. Wewe unaona kwa jicho la kushoto, na fimbo umeiweka chini ya la kulia. Isogeze. Kidevu kije huku."

Akasogeza. Ilimwia vigumu, kana kwamba amevishwa kichwa cha mtu mwingine. Mpira wa kwanza aliukosa. Wa pili ukaingia katikati ya mfuko bila kugusa kingo. Wa tatu ukaingia. Alitia mipira sita akiwa amekodoa macho kama mgonjwa, kisha akageuka akalia mbele ya Robinah bila aibu.

Ikabaki dosari moja. Alipovuta fimbo nyuma kwa mara ya mwisho, alikurupuka. Robinah alimwambia fimbo ikifika nyuma itulie kidogo, pumzi moja, ndipo iende, na macho yawe kwenye mpira mwekundu wala si mweupe. Kila akijaribu kutulia, ndani ya pumzi ile moja aliona msitu. Aliona viatu vya plastiki vya mtoto. Mkono ulikimbia wenyewe.

Siku hazikumsubiri. Jumamosi ya tatu ya Novemba Rugwiro aliingia, akavua koti, akaanza kupanga mipira. Robinah akasema kwa sauti ya kawaida, "Bosi, kuna mtu hapa anaweza kukupa mchezo."

Rugwiro alimwona Valentin na koti lake la udobi. "Huyu wa barua?"

"Huyu."

"Haya. Tuone kama anacheza vizuri kuliko anavyoandika."

Robinah alikuwa amemwonya: usiseme mpaka uulizwe. Mchezo wa kwanza Valentin hakutia hata mpira mmoja. Jasho lilidondokea kitambaa alichokinyoosha mwenyewe asubuhi. Mpira mwekundu uliokuwa mdomoni mwa mfuko aliukosa. Rugwiro alimaliza kwa dakika chache, akaanza kufuta fimbo yake ili aiweke.

"Bosi, unipe moja ingine," Valentin akasema. "Moja tu."

Rugwiro aliangalia saa. Akapanga mipira tena.

Safari hii Valentin alisimama wima muda mrefu kabla ya kuinama. Alitazama njia, akaingia ndani yake mguu kwa mguu, akalaza kidevu upande wa jicho lake. Mwekundu ukaingia. Akapiga mweusi, ukaingia. Mwekundu tena, kisha wa buluu, polepole, ukajivuta mpaka ukadondoka. Rugwiro, aliyekuwa akitazama nje, akageuka.

Ulikuwepo mwekundu mwingine, mrefu, wa kuvuka meza nzima. Valentin akainama, akavuta fimbo nyuma, ikatulia. Haikwenda. Akainuka. Akainama tena, akavuta, na kwa mara ya pili mkono ukakataa.

"Kuna nini?" Rugwiro akauliza. "Mbona hupigi?"

"Iko mutoto yangu," Valentin akasema, bado ameinama, macho kwenye mpira. "Iko Walikale, kwa masista. Wanatoka mbele ya Noeli. Ndege yako inaendaka kule."

Robinah alikuwa ameshika kipande cha chaki, hakukiweka chini.

"Piga kwanza," Rugwiro akasema.

Valentin akavuta. Pumzi moja. Akaiachia fimbo iende, ikaenda mpaka kifua kikagusa mbao. Mpira mwekundu ulisafiri urefu wote wa meza, ukaingia.

Rugwiro alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa mtu mzito, na kwa mara ya kwanza alionekana kachoka. "Ndege ile haibebi watu," alisema. "Inabeba mawe. Mtoto ana uzito gani?"

"Sijue. Alikuwa na miaka tisa."

"Jumanne. Rubani atamchukua. Wewe hutapanda, hakuna nafasi. Mngoje Goma."

Jumanne Valentin na Kankindi walivuka bariyeri ndogo ya mpakani alfajiri, wakatembea mpaka uwanja wa ndege. Kankindi alikuwa ameshona gauni, na kwa kuwa hakujua mtoto amekuwa na urefu gani, aliacha pindo kubwa la kushusha. Walikaa ukutani mpaka saa tisa. Ndege ikatua kati ya vumbi jeusi la volkano, wapakuzi wakashusha magunia, na nyuma ya magunia rubani akamshusha msichana mwembamba aliyevaa sweta la mtu mzima.

Kankindi alikimbia hatua kumi. Kisha akaenda polepole. Kisha akasimama.

Msichana aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akitafuta. Macho yake yalikuwa madogo na ya mbali. Ya Belyse yalikuwa makubwa, ya shangazi yake. Alikuwa na kovu gotini, ndiyo. Lakini mtoto gani hana kovu gotini.

"Unaitwa nani?" Valentin akauliza kwa Kinyarwanda.

"Belyse."

"Baba yako ni nani?"

"Hitimana. Mvuvi." Akarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa naye alikuwa ameona kwamba si wao. "Sista alisema baba yangu amepatikana."

Valentin aligeuka akashika ukuta. Miezi miwili ya chupa na kiwiko na jicho, na amemtoa msituni mtoto wa mtu mwingine. Aliposikia kilio nyuma yake alidhani ni cha mkewe. Kilikuwa cha msichana. Kankindi alikuwa amepiga magoti mbele yake kwenye vumbi, anamvua lile sweta, anamvisha gauni juu ya nguo zake chakavu, mikono ikienda haraka haraka. Gauni lilimfika vifundoni.

"Refu kidogo," Kankindi alisema. Uso wake ulikuwa kama jivu. "Tutalipunguza. Twende."

Bariyerini askari aliuliza mtoto ni wa nani. "Wetu," Kankindi akasema, na hakuongeza neno.

Jioni ile msichana alikula bila kuinua kichwa. Baada ya sahani ya pili akamwambia Kankindi kwamba mama yake anaitwa Mukamazimpaka, walipoteana huko Masisi, na mama huyo alikuwa na mimba. Kankindi aliyasikia hayo, akatoka nje, akakaa huko kwa muda. Aliporudi alimletea Valentin kalamu. "Andika," alisema. "Jina la mama, jina la baba. Na la wetu uliandike upya."

Jumamosi Valentin aliipiga meza pasi, akazichana nyuzi za kitambaa kwa brashi, kuelekea upande mmoja. Saa nane Rugwiro aliingia.

"Mtoto alifika?"

"Alifika, bosi. Si wetu."

Rugwiro akasita, koti bado kwenye mkono mmoja. Alimtazama Robinah, naye Robinah akatazama sakafu. Kisha Rugwiro akamaliza kuvua koti, akatoa fimbo, akaanza kupanga mipira.

"Rubani wangu anatua pia Punia na Shabunda," alisema bila kuinua macho. "Huko nako kuna misheni."

Valentin alikuwa na karatasi ya majina mfukoni. Hakuitoa bado. Alikwenda ukutani akachukua fimbo, akaipaka chaki, akasimama wima nyuma ya mpira mweupe, akaitafuta njia.