Maji Yalipofika Ngazi ya Tatu

Mchana ule mto ulikuwa umelala, nami nilikuwa mbele ya kompyuta nikivua namba zake.

Kwa miaka ishirini na minane nilisoma nguzo ya kipimo iliyosimama ukingoni, mbele ya nyumba yetu, na kila asubuhi niliandika mstari mmoja: TAREHE 140304 KIMO 2.31 UPEPO SHWARI. Sikuwahi kuzidisha herufi. Sasa mhandisi, binti aliyepewa kazi ya kupanga daraja jipya liwe juu kiasi gani, alitaka namba ya kimo peke yake kutoka kila mstari. Mstari usiotoa namba ungefutwa keshokutwa, maana mchoro wake haungeweza kungoja.

Programu niliiandika mwenyewe. Masomo ya jioni hayakunipita bure. Nilitumia njia ya mtu mwenye nidhamu: ruka herufi kumi na tisa, chukua nne zinazofuata. Namba zikaanza kuteremka kwenye kioo, moja baada ya nyingine, na kwa jinsi zilivyopanda na kushuka niliona kama mto wenyewe unapita chumbani, kimya, bila kulowesha kitu.

Ghafla maji yakageuka maneno. *Ita. Ilin. Mbuz.* Vipande vya sauti ya mtu ninayemfahamu.

Nilikuwa nimefika ile miaka miwili niliyohamishiwa ofisi kuu. Nguzo aliisoma mke wangu, akinitumia ujumbe kila asubuhi, nami niliunakili kwenye faili kama ulivyo. *Salama huku. Maji mita 2.31. Mbuzi wa jirani amekula shati lako la kazini.* Siku nyingine mbuzi alitangulia, maji yakafuata.

"Mzee, hii miaka miwili tuiache," mhandisi alisema kwa upole kutoka mezani, alikokuwa na mchoro wake. "Haina mpangilio."

"Haiachwi, mwanangu. Huyu alishuka mtoni kila siku, jua na mvua, na hakulipwa hata asante."

Mke wangu alikuwa dirishani akichambua mchele. "Asante yenyewe bado naisubiri," alisema. "Kwani shida ni nini?"

Nikamweleza kuhusu herufi kumi na tisa. Alicheka mpaka ungo ukatikisika.

"Baba watoto, wewe ukienda kwa mtu usiyejua kwake, unahesabu hatua? Si unauliza anakaa jirani na nani? Namba yangu siku zote inakaa na *mita*."

Mhandisi aliinamisha kichwa ili nisimwone akitabasamu. Mimi nilijikohoza, nikasema nilikuwa karibu kufika hapohapo. Kisha nikafuta hesabu yangu ya hatua. Niliiagiza programu itafute neno *mita* popote lilipo, ivuke nafasi, ichukue tarakimu na nukta yake, isimame inapokuta kitu kingine.

Mto ukarudi. Uliteremka kupitia mashati, mafua, wageni, paa lililovuja, na kila siku ukatuachia namba yake. Nilisahau kwamba ninafanya kazi. Nilikuwa nikiishi asubuhi ambazo sikuwepo nyumbani.

Mistari mia saba na thelathini ilipita. Mmoja ukarudi mtupu.

*Leo nguzo haionekani. Maji yako sawasawa na ngazi ya tatu. Mimi niko ya nne na chai yangu, usiwe na wasiwasi.*

"Hii ndiyo siku ya gharika," mhandisi alisema polepole. "Siku ninayoihitaji kuliko zote. Na haina namba."

"Ngazi ya tatu kutoka chini, hapo mlangoni petu," mke wangu alisema. "Ningeandika nini zaidi? Ngazi si bado ipo?"

Tulitazamana, mimi na mhandisi, kisha tukatoka nje kama watoto walioachiwa mlango.

Kwa fundi mwashi wa jirani niliazima mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule wanaoujaza maji kupimia usawa wa kuta. Mhandisi alishika ncha moja penye kichwa cha nguzo, kilichofika usawa wa njia; mimi nilipiga magoti mlangoni na ncha ya pili. Maji yaliyumba ndani ya mpira, yakapanda, yakashuka, yakatulia sawa na ngazi ya tatu. Kwa kitambo nilihisi njia yote imejaa mto, mpana na wa rangi ya udongo, na sisi tuko chini yake tunapumua.

"Sentimita hamsini na nne juu ya kichwa cha nguzo!" mhandisi aliita.

Nguzo ina mita tano. Nikarudi kitini.

"Nikuandikie hiyo namba, nifute maneno?" aliniuliza.

"Usiguse neno lake."

Niliiongezea programu amri moja: ukikuta *ngazi ya tatu*, jibu ni 5.54.

"Amri nzima kwa ajili ya mstari mmoja! Mzee, mwalimu wako akiona?"

"Atajifunza."

Nikaiendesha. Miaka miwili ikashuka yote bila pengo, na katikati yake siku moja ikasimama juu ya zote.

"Ile namba kubwa ndiyo yangu?" mke wangu aliuliza, akiwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Ni yako, mama watoto. Na asante."

Aliweka mkono wenye vumbi la mchele juu ya kiti changu, na mezani mhandisi akafuta daraja alilolichora asubuhi, akalichora upya juu zaidi.