Nyumba ya Rangi ya Mafuta

Mwalimu wa darasa la kwanza aliomba jambo dogo tu: likizo hii wazazi wacheze na watoto michezo ya kusoma. Binti wa mchora mabango, waliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake, alikuwa bado hasomi. Asipoanza kabla ya shule kufunguliwa, atarudia darasa.

Baba acheze? Yeye, ambaye herufi zake zinapamba nusu ya maduka ya mtaa? Vikaratasi vya gundi vyenye majina ya vitu wabandike wasio na kipaji! Akafungua kopo la rangi nyekundu ya mafuta, na kufikia adhuhuri kabati lilikuwa limeandikwa KABATI, mlango MLANGO, na jokofu, lililokuwa jeupe na kujiheshimu, likavishwa JOKOFU lenye vivuli na mikia.

Mkewe aliporudi kazini alisimama kizingitini.

"Baba Chiriku, hii itatoka?"

"Elimu haitoki, mke wangu."

Kila asubuhi akamtembeza mtoto na rula mkononi. Kabati! Mlango! Jokofu! Chiriku alisoma kama maji yateremkayo, na baba akatembea mtaani kama aliyevumbua alfabeti. Mwishowe akamwita dada yake mkubwa, msusi aliyemlea na ambaye hajawahi kumpigia makofi.

Shangazi alizunguka sebule nzima.

"Hongera, mdogo wangu. Nilikuwa sijui jokofu ni lipi."

Akaokota chaki, akainama, akaandika MLANGO sakafuni. "Soma, mwanangu."

Chiriku akatazama neno, akatazama lilipokaa, akajibu kifua mbele: "Sakafu!"

Baba akashusha rula.

"Hasomi neno, anasoma fanicha," alisema shangazi. "Umempa mtihani, ukauandika juu ya majibu."

Macho ya Chiriku yakajaa. "Kwa hiyo nitarudia darasa?"

Shangazi akampa mtoto chaki.

"Wewe ndiye bosi sasa. Andika neno, baba yako atalitii. Unataka afanye nini?"

Machozi yakasita. "Aruke."

"Haya, andika."

Chiriku akachuchumaa. "R... u... ru." Sauti za herufi alizijua, ila nyumbani hakuna aliyewahi kuzipa kazi. Ikaja *ka*, na k yake imelala chali kama mgonjwa. Baba akainama kuinyoosha, shangazi akakohoa.

"Linasemaje, bwana msanii?"

"Linasema ruka."

"Na wewe unasemaje?"

Dirishani alikuwa amesimama fundi saa wa jirani, mshindani wake wa siku zote kwa maneno. Baba akatazama dirisha, kisha binti yake, ambaye chaki ilikuwa inaanza kulegea vidoleni.

Akaruka. Kidogo, kama avukaye dimbwi kwa viatu vya harusi.

Chiriku alicheka hadi akakaa chini. Kisha akainama tena, ulimi nje. "T... e... te. N... a." Akajisomea kimya kuhakikisha, akainua uso. "Baba, soma."

Akasoma. Akaruka, safari hii rula ikaanguka.

"Chiriku!" aliita fundi saa. "Mwandikie: juu zaidi!"

"Ngoja," alisema mtoto bila kugeuka. "Hilo refu."

Akaanza na j.