Fortunée Alilala wa Kwanza

Mwaka 1993, mishahara ilipokuwa imekatika katika mji wa Likasi na umeme ukiwaka asubuhi tu, Marceline aligundua uvimbe katika titi lake. Aliuficha miezi miwili. Dada yake mkubwa, Fortunée, alipojua, alimpeleka kwenye zahanati iliyokuwa na mashine ya ekografi, ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Mlangoni Marceline akasimama, akamwambia dada yake: "Yaya, minye naogopa. Ile mashini itaniunguza."

"Haiunguze. Angalia, minye nitalala wa kwanza."

Fortunée akavua blauzi, akajilaza huku akicheka. Daktari Ruphin akampaka ute wa baridi, akapitisha kifaa polepole juu ya titi la kulia, kisha akakirudisha palepale. Kwenye kioo cha mashine palikuwa na doa jeusi lenye kingo zilizochongoka. Akamwita Marceline alale naye, bila kueleza kitu. Uvimbe wake ulikuwa wa mviringo, laini.

"Hii ni maji tu," alisema daktari, akayavuta kwa sindano. Kisha akamgeukia Fortunée. "Mama, ya kwako ndiyo inanisumbua."

Kipande cha uvimbe wa Fortunée kilipelekwa kupimwa Lubumbashi, na jibu likawa saratani. Fortunée alikatwa titi kabla haijafika kwapani. Marceline alimwosha kidonda kila siku, akiona aibu kwa afya yake mwenyewe. Siku moja akalia.

"Unalilia nini?" Fortunée akamuuliza. "Minye niko muzima."

Kila baada ya miezi mitatu walirudi ili Fortunée apimwe. Marceline alisimama karibu na kioo, akimtazama daktari usoni zaidi ya kutazama picha, mpaka aseme, "Hakuna kitu."