Kimo cha Pikapu

Uvumi uliingia chumbani mwangu mwa kushonea na mteja wa sketi: kwamba kuna pikapu iliyonyanyuliwa kimo kwa springi ndefu, ikabingirika kwenye kona ya machimbo, na dereva wake hakutoka. Nani? Hakujua. Lini? Aliambiwa tu. Mteja akaenda na sketi yake, uvumi akaniachia. Nikawa naushona, naufumua, haukatiki.

Sababu ni mwanangu. Yeye hubeba kokoto kutoka machimboni, na pikapu yake kubwa ilikuwa ikikwaruza tumbo kwenye mawe ya njia ile. Alikuwa ameamua kuinyanyua na kuifunga matairi makubwa. Nilipomweleza habari ya kona, alicheka. "Mama, huyo marehemu wako hana jina, hana kwao, hata matanga hana. Tumlilie vipi?"

Nilicheka naye, moyo ukabaki palepale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sijaumwa, lakini nimezaa, ni yale yale.

Siku ya kufunga matairi hayo nikajipeleka gereji. Fundi, ambaye watu humwita Jeki kwa kuwa ni mwembamba na huinua mizigo mizito, alikuwa ameshamshauri anyanyue kwa kiasi, na matairi yazidi kidogo tu yale ya zamani. Mwanangu hakutaka kusikia. Alikuwa ameona gari la mtu barabarani, likipita watu wanageuka. Basi Jeki akaweka springi ndefu kuliko zote, na matairi yaliyonifika kiunoni. Pikapu ikasimama kama bwana harusi aliyeazima koti. Mwanangu aliizunguka, akinitupia jicho kuona kama nami nimeona.

Nilikuwa nimeona. Ilipendeza, sitasema uongo.

Lakini mimi ni fundi cherehani. Nguo haisifiwi mteja akiwa amesimama wima kama mlingoti. Humwambia akae, ainame, ainue mikono. Kwapa ndilo husema kweli. Nikamwuliza Jeki kama gari nalo huinamishwa.

"Hukatwa usukani mpaka mwisho, shangazi," akasema, "kisha gurudumu huachwa lining'inie." Nikamwomba afanye hivyo nikiwa nimesimama hapo.

Mwanangu akapanda, akaguna, akakata usukani. Tairi likauma ukingo wa bodi, likakwama likisaga. Jeki akainua upande ule mpaka gurudumu likaning'inia, akaniita nichungulie. Nyuma yake kulikuwa na mpira mwembamba, umevutika kama uzi unaongoja meno.

"Hilo ndilo bomba la breki," akasema taratibu. "Likikatika, breki hakuna."

Bega lilikuwa limeongezwa, mkono ukaachwa ule ule.

Mwanangu alishuka, akapiga goti kwenye oili, akautazama ule mpira. Aliponyanyuka alijipangusa na kumwambia Jeki warudi kwenye kimo na matairi aliyoyashauri mwanzo, na bomba liwe refu. Kisha, bila kunitazama: "Mama, ile kona naipita kila siku."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana silali."

Sasa tumbo halikwaruzi, na watu hawageuki. Jioni nasikia honi getini, pumzi inanishuka, mguu unarudi kwenye cherehani. Marehemu wa uvumi sijamjua hadi leo. Huenda hakuwahi kuwapo. Lakini wewe mwenye mtoto na gari, haya yaepuke:

Usichague matairi kwa kuwa umeyaona kwa mwingine.

Usirundike vipande vya chuma juu ya springi ili kupata kimo.

Usinyanyue gari ukaacha bomba la breki fupi.

Usilipokee gari ambalo usukani wake haujakatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, ukiona.

Usipande kona na mzigo mzito kabla ya kulizoea gari bila mzigo.

Usimcheke mama anayeuliza.

Usifike getini bila kupiga honi.