Kwa Simu au kwa Barua

Majibu ya maabara yalifika mezani kwa muuguzi Alhamisi asubuhi, karatasi moja tu, bado ina joto la mashine. Mgonjwa aliyeletwa na gari la wagonjwa siku iliyotangulia, akakata roho kabla hajavuliwa viatu, alikuwa na homa ya uti wa mgongo, ile inayosafiri kwa mate na pumzi. Kazi ya muuguzi ilikuwa kuwaambia waliomgusa. Watu wa gari la wagonjwa walimbandika jina la Mama Mkosi, kwa kuwa simu yake haikuwahi kuleta heri. Hata hivyo walimpenda, kwa kuwa haikuwahi kuchelewa.

Alifungua daftari la zamu, akakuta majina mawili. La kwanza lilikuwa la dereva. La pili alilisoma, akalifunika kwa kidole kama anayezuia mdudu asikimbie.

Lilikuwa la shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mwaka uliopita mdogo wake alimjia mlangoni, mkono unaning'inia, akidai ameteleza bafuni. Muuguzi alikuwa ameona mikono mingi iliyovunjika, na alijua sakafu ya bafu haiachi alama za vidole. Tangu hapo mdogo wake alipanga chumba chake, akaishi huko na binti yake, na yule mwanamume akabaki peke yake na kuta zake.

Dereva alifika mbio mara tu alipopigiwa simu, mzee asiyeishiwa maneno.

"Kidonge kimoja tu? Nilidhani utanipa debe."

"Meza."

Akameza, akafuta mdomo. "Na mwenzangu je? Yeye ndiye aliyetapikiwa usoni akimsafisha mgonjwa koo. Yuko mapumziko mpaka Jumatatu. Nimpigie?"

"Niachie mimi. Ndiyo kazi yangu."

Utaratibu ulisema mhusika apelekewe taarifa ndani ya saa arobaini na nane, kwa simu au kwa barua. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuandika barua kabla ya kupiga simu. Siku ile aliandika, na ilikuwa barua safi, isiyo na kosa hata la nukta. Akaigonga muhuri, akaituma kwenye kituo cha magari, ilale kisandukuni mpaka mwenyewe arudi kazini. Kisha alikwenda kula chakula cha mchana, na alikimaliza.

Ijumaa aliinua simu mara mbili, akairudisha. Mtu mwenyewe anaishi peke yake, alijiambia. Na wengi hawaugui. Ikawa amemwachia Mungu kazi ambayo siku zote aliifanya mwenyewe.

Jumapili mchana alipigiwa na mdogo wake.

"Dada, njoo hospitali. Mume wangu hajitambui."

"Mume gani?"

"Nilirudi kwake, dada. Wiki ya tatu sasa. Niliogopa kukuambia."

"Na mtoto?"

"Tunalala naye, katikati yetu. Dada, mbona unahema hivyo?"

Alikimbia na dawa mkononi. Mdogo wake alimeza bila kuuliza. Mtoto alitema, muuguzi akamshika taya, akamnywesha tena, akambana mpaka alipomeza, na mtoto akamtazama kwa macho ya mtu aliyeonewa. Siku zilizofuata alimpima joto kila baada ya saa mbili, akisoma kipimo kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Homa haikuja.

Shemeji alilala siku tisa bila fahamu. Alipofumbua macho, mke wake alimwita, akamwita tena, na yeye akaendelea kutazama dari. Masikio yote mawili yalikuwa yamekufa.

Kamati ya hospitali ilikaa kuchunguza jinsi taarifa ilivyotolewa. Mwenyekiti alilipekua faili, akasema kila kitu kiko mahali pake, tarehe, saa na muhuri, akaagiza nakala itolewe wengine wajifunze. Dereva hakusema neno. Walipokutana ukumbini alijibanza ukutani kumpisha, kama mtu anavyompisha mwenye maradhi ya kuambukiza.

Mdogo wake ndiye aliyemuumiza kuliko wote. Alimshika mkono kwa ule mkono wake uliounga vibaya, akaubusu. "Bila wewe, dada, ningemzika mwanangu."

Muuguzi alijaribu kuuchomoa mkono wake. Haukutoka.

Alikwenda wodini alasiri moja, mdogo wake alipokuwa ametoka kuchota maji. Mgonjwa alikuwa ameketi, mifupa ya uso imechomoza.

"Shemeji! Karibu!" Alipaza sauti kama aliye ng'ambo ya mto, na wodi nzima ikageuka. "Nilimvunja mkono mdogo wako. Ulijua, ukaninyamazia. Na bado umeniokolea mtoto."

"Nilikuacha kwa makusudi," muuguzi alisema.

Mgonjwa alimtazama midomo, akatikisa kichwa, akamsogezea daftari na kalamu. Kurasa zilijaa maandishi ya wageni: pole, unajisikiaje, mtoto hajambo.

Muuguzi aliandika hayo hayo kwa mistari miwili. Mkono haukutetemeka, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko yote.

Shemeji alisoma polepole. Akarudia tangu mwanzo. Uso wake haukubadilika. Ila kidole kilibaki juu ya neno la mwisho, kikilisugua, mpaka wino ukaanza kutawanyika.

Mdogo wake aliingia na jagi. Akaliona daftari, akacheka, akaonyesha kwa mikono: amekuandikia nini?

Mume alilifunga daftari, akalisukuma chini ya mto, akauegemeza mgongo wake hapo.

"Dada yako ananitakia nafuu," alisema kwa sauti iliyojaa wodi. Hakuwa akimtazama mkewe.

"Basi keti, dada," mdogo wake alisema, akivuta kiti mpaka kikagusa kitanda. "Unakimbilia wapi?"

Muuguzi akaketi.