Picha Iliyosafishwa

"Umefanya nini wewe?"

Mpiga picha aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Mnara wa taa ulisimama mweupe pe, mbingu ya samawati nyuma yake, kama kwenye kalenda za bure za dukani. Ukungu haukuwepo. Mwanga wa taa nao ulikwenda na maji.

"Si nimeisafisha, dada?" Mdogo wake, fundi wa kompyuta hapo studio, alitabasamu, bwege yule, akingoja kusifiwa.

Wiki nzima dada mtu alikuwa akirauka kuuvizia ukungu. Baba yao alikuwa mlinzi wa mnara ule mpaka mgongo ulipomlaza kitandani, na aliposikia taa itang'olewa aliomba kitu kimoja tu: aione ikiwaka ndani ya ukungu. "Siku ya jua hata mbuzi anauona mnara," alisema. "Kazi yangu mimi ilikuwa ukungu." Jana asubuhi ukashuka mzito, meli inapiga honi wala haionekani, na mwanga ukapita katikati yake. Dada akaunasa kwenye kamera. Mchana mafundi wakaja, wakaing'oa taa.

"Nipe ile ya mwanzo."

"Nimehifadhi hii juu yake. Kompyuta imejaa."

"Una akili timamu kweli? Nani alikutuma?"

"Si wewe! Ulisema, 'Nisafishie hii ya baba, haraka.'"

Kweli alisema. Yeye kazi aliijulia kwenye chumba cha giza, enzi za filamu, ambako kusafisha picha ni kuifanya itokee kwenye karatasi, basi. Kitinda mimba huyu hajawahi kuigusa filamu. Kwake kusafisha ni kufuta uchafu. Sasa angemgombeza nani? Akaipiga meza teke, akaumia kidole, akaitukana meza mpaka mama yake.

Nyumbani, baba alinyoosha mkono kabla hata hajasalimiwa. Kumdanganya hakuweza, na kumwambia ukweli ulimi uligoma. Akampa.

Mzee aliisogeza karibu na macho, akaigeuzia dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Imetoka vizuri sana, mwanangu," alisema kwa upole, akimrudishia. "Huu ni mnara wa wapi?"