Mkurugenzi Aingia Darasani

Shangazi yangu alilea watoto wa majirani sebuleni kwake tangu enzi ambazo hakuna aliyejali kama mlezi ana cheti au ana pembe. Kisha ikatoka amri: anayelea watoto nyumbani lazima asome, akaguliwe, ndipo asajiliwe. Shangazi akasonya, lakini akaenda, akarudi na cheti chake.

Siku ya ukaguzi, sebule ilinukia sabuni. Mkaguzi, dada mmoja mkavu mwenye miwani, akachungulia soketi, akatikisa kabati la dawa. Mambo shwari. Kisha akageukia kochi.

"Na huyu?"

Huyu alikuwa mume wa shangazi, mstaafu tuliyembatiza Mkurugenzi kwa tabia yake ya kutoa amri akiwa amelala.

"Huyo fanicha tu," shangazi akajibu.

"Fanicha inakoroma, mama. Mtu mzima yeyote anayeshinda na watoto lazima asome. La sivyo, sisajili."

Mkurugenzi akafumbua jicho moja. "Mimi? Nimelea watoto watano!"

"Ulilelea wapi?" shangazi akamrukia. "Nepi yenyewe hujui mbele wala nyuma!"

Akaenda mafunzoni akinung'unika, mwanamume peke yake kati ya akina mama. Siku ya kwanza alimvalisha mwanasesere nepi kichwani. Darasa zima likacheka mpaka machozi, na aibu ile ikamkaa rohoni. Nyumbani akawa anafanyia mazoezi mto: anaubembeleza, anaupigapiga mgongo ucheue. Shangazi alichungulia kutoka jikoni, kaziba mdomo.

Alifaulu, na usajili ukatoka kwa majina yao wote wawili. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Mama, maji hayo ya moto mno. Mama, usimlaze kifudifudi." Kutwa Mkurugenzi akawa anamsahihisha mkewe.

Shangazi uzalendo ukamshinda. Asubuhi moja akamwachia watoto wote, akaenda saluni.

Aliporudi, Mkurugenzi alikuwa amekaa sakafuni, shati limelowa uji, mtoto mmoja mgongoni, mwingine anamng'ata kidole cha mguu.

"Vipi, mtaalamu?"

"Hawa si watoto," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Hawa ni wabunge."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipoangalia vizuri, watoto wote walikuwa wameshiba, wakavu, na pua safi. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona mume wake akimpangusa mtoto pua. Akataka kumsifu, akajizuia haraka, asije akampa kichwa.

"Kesho nakwenda kutengeneza kucha," akamwambia. "Nitachelewa."